Mkia Hausemwi Bila Tiketi

Watu wa sinema walirudi Juni 1929, tukiwa tumeshawasahau. Kiangazi cha mwaka uliotangulia walikodi boti yetu kwa wiki tatu, wakapiga picha za mapenzi ya binti wa boti ya maonyesho na mcheza karata mmoja mwenye viatu vya rangi mbili, kisha wakaondoka. Ilikuwa sinema ya kimya, kama zote za siku hizo. Walipokuwa bado wanaikata na kuiunga huko California, sinema zikaanza kusema. Wenye majumba wakaandika barua: picha isiyoongea hatuitaki. Ndipo wakarudi, safari hii na lori.

Lori hilo lilikuwa jeusi, halina dirisha ubavuni, na nyuma yake zilitoka nyaya nene kama mikunga. Waliliegesha ukingoni mwa mto hapo Harlan's Bend, upande wa Kentucky, wakazipitisha nyaya juu ya ubao wa kupandia botini. Boti yetu, Alberta Rose, haikuwa na injini. Ilikuwa jukwaa na viti mia nne juu ya maji, ikisukumwa na kimeli kidogo cha makaa kutoka mji hadi mji. Ilibeba jina la mama mkwe wangu, Alberta, aliyeigiza juu yake miaka thelathini na kufa kabla sijaolewa.

Wifi yangu Leota Haskew ndiye aliyekuwa mwigizaji wetu mkuu, na mumewe Orrin ndiye kapteni. Mimi nilipiga piano, na nilipokuwa sipigi piano nilikaa nyuma ya pazia na daftari la mchezo, nikimnong'oneza anayesahau. Mwanangu Junie alikuwa na miezi minane na alilala ndani ya sanduku la mavazi ya mfalme.

Katika sinema ile ya kimya Leota alikuwa mke wa kapteni, mama wa yule binti. Alisimama mlangoni akatazama tu. Lakini alitazama vizuri, na mwongozaji, Bwana Desmond Vail, hakuusahau uso ule. Sasa alitaka auongezee maneno. Mcheza karata anarudi baada ya miaka minane. Amesimama juu ya ubao na kofia mkononi. Binti hawezi kusema kitu. Mama anatoka jikoni, anasema maneno yake, na sinema inaishia hapo. Leota ndiye angeifunga.

“Kama atashindwa,” Bwana Vail alimwambia kapteni waziwazi, mbele yetu sote, “yupo mama mmoja California, sauti yake imesomeshwa. Tutaipiga upya huko na yeye. Na uso wa mkeo utabidi tuutoe, kwa sababu mdomo na sauti sharti viwe vya mtu mmoja. Treni yetu ni leo, saa kumi na mbili jioni.”

“Hatashindwa,” alisema Kapteni Orrin. Hiyo ilikuwa hotuba yake ya asubuhi nzima.

Walimweka Leota mlangoni pa jiko. Juu ya kichwa chake, ndani ya kikapu cha maua, walificha maikrofoni. Kamera ilifungiwa ndani ya kibanda chenye magodoro, pamoja na mpiga picha wake Fitch, ili isisikike ikinguruma, na Fitch alitoka humo kila baada ya dakika kumi akiwa mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Mtu wa sauti, Wendell Krug, alikaa ndani ya lori, vikombe viwili vyeusi vya kusikilizia vimembana masikio. Kabla ya hapo alifanya kazi kampuni ya simu. Kutoka kule hakuona chochote, alisikia tu.

Mara ya kwanza Leota alisema kama tunavyosema botini, kwa sauti ya kufika benchi la mwisho na kuipita, maana huko nje daima kuna mtu anayegombana na nyumbu wake. Wendell alitoka lorini mbio, anasugua sikio.

“Mama,” alisema, “mimi si kiziwi. Nilikuwa si kiziwi mpaka sasa hivi.”

Watu walicheka, Leota naye. Akamwuliza aseme kwa sauti gani. Wendell akamwambia aseme kama anayeongea na mtu aliye upande wa pili wa meza. Hilo Leota alilishika mara moja, wala sikushangaa.

Mara ya pili alisema hivi: “Miaka minane nimekuwa nikiweka sahani yako. Kila jioni naiweka, kila jioni naiosha, safi, haijaguswa. Wamenicheka. Mimi sikuiweka kwa ajili ya mapenzi, nisikudanganye. Niliiweka kwa sababu sahani saba zinakaa vizuri kuliko sita.” Kisha akanyamaza.

Tulingoja. Bwana Vail aliinamisha kichwa mbele kama mtu anayengoja chafya.

“Endelea,” alisema mwisho.

“Nimemaliza.”

“Umebaki mstari mmoja.”

“Naujua.”

“Basi useme.”

“Nitausema,” alisema Leota, kwa adabu.

Mara ya tatu ikawa vilevile. Akafika kwenye sahani saba na sita, akafunga mdomo.

Hapa niseme lile ambalo sisi tulilijua na wao hawakulijua. Mstari wa mwisho wa mchezo wowote sisi tunauita mkia, na mkia hausemwi katika mazoezi. Unasema yote, ukifika hapo unanyamaza, au unapiga makofi mawili, na kila mtu anaelewa. Mchezo ambao haujatazamwa haujaisha, na anayeumalizia kwenye viti vitupu anakaribisha mkosi. Mkia unasubiri mtu aliyekata tiketi. Akiwa mmoja anatosha, lakini awe amekata tiketi. Hata kwenye daftari langu mahali pa mkia pako wazi. Baba yake Leota aliuvunja mwiko huu mara moja tu, pale Cairo, si ile ya Misri bali mji wa mto wetu huuhuu, akimfundisha mwigizaji mgeni, na majira hayo hayo ya baridi barafu ikaibana boti yao ya kwanza ikaivunja kama biskuti. Sisemi ni kwa sababu hiyo. Nasema barafu ilikuja.

Na kwa macho ya Leota, asubuhi ile yote ilikuwa mazoezi. Viti mia nne vilikuwa vitupu. Kila mara wanasema “tena”, na kitu kinachorudiwa ni mazoezi, kitakuwa nini kingine? Hakuwa mkaidi. Alikuwa anangoja wamwambie watu wanaingia saa ngapi.

Bwana Vail akaamua ni usahaulifu. Akaagiza ubao mweusi, mkia wote ukaandikwa juu yake kwa chaki, herufi kubwa kama za duka la nyama, ukasimamishwa karibu na kamera. Leota aligeuza uso pembeni haraka, kama aliyefungua mlango akamkuta mtu anaoga. Mimi nami nilitazama viatu vyangu. Kapteni Orrin akavua koti lake, akaenda polepole, akalifunika juu ya ubao, akarudi mahali pake.

“Hii ni boti au nyumba ya wendawazimu?” aliuliza Bwana Vail.



Wakati wa chakula cha mchana walikula kambare wa kukaanga na mkate wa mahindi kwenye meza yetu ndefu. Fitch, bado anavuja jasho, alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji maikrofoni: “Ng'ombe mzima mama kamla, mkia ndio umemshinda.”

Hakujua alichokuwa anasema. Leota aliweka uma wake chini, akainuka, akaenda chumba cha kuvalia.

Nikamfuata na Junie kiunoni. Alikuwa amekaa mbele ya kioo, halii wala nini, anafuta poda.

“Wifi, waambie,” nikasema.

“Niwaambie nini?”

“Kwamba unangoja watu.”

“Mtu akikaa mezani kwako na kofia kichwani, utamwambia avue?”

“Nitamwambia.”

“Ndiyo maana kaka yangu alikuoa. Hana haya, akatafuta asiye na haya.” Akanichukulia Junie, akampa kishungi cha poda achezee. “Yule ni mwongozaji, wifi. Amevaa suruali ya kupandia farasi na farasi hana. Nikimfundisha kazi yake mbele ya watu wake nitakuwa nimemtukana.”

“Saa kumi na mbili wanaondoka.”

“Naijua treni.”

Juu ya kioo chake ilibandikwa picha ya Mama Alberta, ile moja tu iliyopo, na humo amefumba macho, kwa sababu poda ya mwanga ya mpiga picha ilimshtua. Leota aliigusa ukingoni.

“Miaka thelathini,” alisema. “Walikuwa wanatembea maili kumi kuja kumsikia. Sasa mwulize mtu sauti yake ilikuwaje. Wanasema nzuri. Nzuri! Hata supu ni nzuri. Mimi mwenyewe, bintiye, siku nyingine naitafuta siipati.” Junie akatia kishungi mdomoni, akakitoa. “Nilifikiri huyu angenisikia siku moja. Akiwa mkubwa. Hata kama boti haipo.”

“Basi useme tu, wifi. Hewani. Nani atajua?”

“Mimi,” alisema.

Boti, kwa kweli, ilikuwa inakwisha. Mwaka ule kila mji tuliotia nanga ulikuwa na sinema inayoongea umbali wa safari ya gari, na wiki iliyotangulia tuliigiza kwa watu kumi na mmoja na mbwa. Nilimtazama Leota nikajua hataomba, na nikajua vilevile kwamba hatasema. Nikamwachia mtoto, nikaenda jikoni nikamimina kahawa.

Wendell alikuwa amebaki lorini peke yake na mashine zake. Akapokea kikombe kwa mikono miwili.

“Wifi yako anaumwa?” aliuliza. “Mwambie asiogope. Sauti ile sijawahi kuipata. Akivuta pumzi kabla ya ‘nisikudanganye’, nywele zinanisimama.”

“Unasikia hata pumzi?”

“Nasikia pete yake ikigusa mlango. Nasikia na yule mtoto wako akinyonya kitambaa huko jikoni.”

Nikamweleza. Nilianza na mkia, nikaenda kwenye tiketi, nikaishia Cairo na barafu. Nilitegemea acheke. Aliniuliza swali moja tu.

“Akikaa hata mtu mmoja?”

“Aliyekata tiketi.”

“Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi,” alisema Wendell, “na hakuna aliyemsikiliza mtu namna hii tangu dunia iumbwe. Ni tiketi tu sina.”

Akavua vile vikombe masikioni, akashuka, akavuka ubao. Dirisha la tiketi lilikuwa mbele ya boti. Kapteni Orrin alikuwa amekaa ndani yake kama kawaida yake kila baada ya chakula, awe na wateja au asiwe nao.

“Moja,” alisema Wendell.

Kapteni akamtazama, kisha akanitazama mimi nyuma yake. Akakata tiketi kwenye roli.

“Benchi la mbele limejaa nyaya,” alisema. “Itabidi ukae lorini.”

“Lorini panafaa.”

Leota alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia na Junie begani. Aliona mkono ukitoka dirishani na kipande cha karatasi ya waridi. Alinipa mtoto, akanyoosha aproni, akaenda mwenyewe kusimama chini ya kikapu cha maua bila kuitwa. Bwana Vail alibaki na kipande cha mkate mdomoni.

“Haya, mnangoja nini?” Leota aliwaambia. “Watu wameshakaa.”

Fitch akarudi kibandani kwake. Kimya kikaitwa. Leota akasema sahani, na kuosha, na kuchekwa. Akasema saba na sita. Akavuta pumzi, na wakati huohuo tishari za makaa zikajitokeza kwenye kona ya mto, zikisukumwa na meli ya binamu yake Kapteni Orrin, na binamu akavuta filimbi mara tatu, ndefu, ndefu, fupi. Hakuna rubani kwenye mto ule anayeipita boti ya maonyesho bila kuisalimia. Angeonekana hana malezi. Mkia ulisemwa, niliona midomo yake, lakini hakuna aliyeusikia isipokuwa labda samaki.

Wendell alitoka lorini akiwa ameshika masikio yote mawili.

“Tena!” alipiga kelele Bwana Vail. “Haraka, kabla jua halijahama! Mama amekumbuka! Tena!”

Leota alimtazama.

“Tiketi ni ya onyesho moja,” alisema.

“Nini?”

Ikabidi nimweleze na yeye. Nilieleza kwa kifupi zaidi, kwa sababu uso wake ulikuwa unabadilika rangi. Nilipomaliza alisema, “Asubuhi nzima? Asubuhi nzima ndiyo hiyo tu?” Kisha akasema maneno mengine ambayo botini yanakatazwa hadi kwa mabaharia. Kisha akasimama na kuutazama mto. Binamu alikuwa anapunga kofia.

“Mstari nimeuandika mimi,” alisema, safari hii kwa upole, kama anayelalamika kwa mama yake. “Ni wangu.”

“Ni mstari mzuri,” alisema Leota. “Ndiyo maana siupotezi.”

Bwana Vail akaenda dirishani. Alilazimika kuinama, maana dirisha letu lilitobolewa kwa kimo cha wakulima. Kapteni Orrin alimwuliza mtu mzima au mtoto. Fitch akatoka kibandani akajipanga nyuma yake, na nyuma ya Fitch wakajipanga mafundi wa nyaya, na yule dada wa poda, na binti wa sinema mwenyewe na mcheza karata wake wa viatu vya rangi mbili. Hakuna aliyewaagiza. Nadhani walichoka kuwa nje ya jambo. Mtu mmoja aliuliza kama kuna karanga.

“Karanga ni wakati wa mapumziko,” alisema kapteni.

Mimi nilimchukua Junie, asije akasikika, nikaenda naye mbali hadi ghala la kamba. Kwa hiyo sikuwepo. Nilisikia kimya kikiitwa, nikasikia maji yakigonga ubavu wa boti, kisha kwa muda mrefu sikusikia kitu, maana alikuwa anasema kama na mtu wa upande wa pili wa meza. Halafu mlango wa lori ulifunguliwa kwa nguvu, na Wendell Krug akapiga makofi. Alianza peke yake.

Waliiwahi treni.

Sinema ilifika Harlan's Bend Novemba, ikaonyeshwa kwenye ukumbi wa mjini uliokuwa umefungiwa mashine mpya. Boti tulikuwa tumeifunga kwa majira ya baridi hapohapo. Jina la Leota lilikuwa kwenye karatasi ya ukutani, chini kabisa, herufi ndogo, lakini limeandikwa sawasawa. Onyesho la kwanza lilikuwa Ijumaa usiku, na mji mzima ulikwishanunua.

Alhamisi tulikwenda sokoni, Leota akakutana na kijana wa mashine, Purcell, akinunua mafuta ya kulainishia.

“Bi Haskew! Kesho ni kesho,” alisema. “Asubuhi saa nne naijaribu yote, mwanzo mpaka mwisho. Sitaki inikwamie mbele ya watu.”

“Unaijaribu nani akiwepo?”

“Nani awepo? Mimi niko juu na mashine, sisikii kitu, inanguruma kama kinu. Ni viti tu.”

Leota akachagua vitunguu. Akavilipia. Tulipofika kwenye ubao wa kupandia boti ndipo aliposema, “Saa nne, ndivyo alivyosema?”

Ijumaa asubuhi alivaa kofia yake ya kanisani. Dirisha la tiketi la ukumbi lilikuwa limefungwa. Akaligonga mpaka binti akafungua. Binti alimwambia onyesho ni usiku, mama, sasa hivi ni majaribio tu, na isitoshe wewe hulipi. Leota alisema anataka kukata tiketi. Akakata mbili, yake na yangu. Junie aliingia bure.

Ukumbi ulikuwa baridi, unanuka vanishi. Tulikaa safu ya tatu, katikati. Aliitazama sinema yote bila kusogea, mikono juu ya mkoba. Mapenzi yalikuwa marefu. Mwisho akatoka jikoni, mkubwa kama nyumba, na Junie alipomsikia aligeuka kumtazama Leota aliyekaa, kisha Leota aliye ukutani, kisha aliyekaa. Akanyoosha mkono kwa yule wa ukutani.

Sahani saba zinakaa vizuri kuliko sita. Ikaja ile pumzi.

“Haya, ingia ndani,” sauti ilisema kwenye ukumbi wenye viti mia tano. “Chakula kinapoa.”

Taa zilipowaka, Leota alikuwa bado ameshika vipande vya tiketi zetu.

“Na miji mingine?” nilimwuliza tukiwa barabarani. “Huko nako wataijaribu.”

Alivitia vipande vya tiketi mkobani.

“Huko kila mtu na mji wake,” alisema. “Mpe huyu kofia, wifi, upepo unamwingia masikioni.”